Kuku wa Bakari na Ng'ombe Wangu

Wanangu, mnakuja hapa kwangu Kisauni na pasipoti mpya mkononi, mnaniambia, "Bi Mwanaisha, tufundishe mapishi ya Saudia, ndege ni Alhamisi." Na siku yenyewe ni Jumanne. Mimi nilikaa huko miaka kumi na minne, Riyadh na Jeddah, na siku ya kwanza nilipoambiwa "mafi sukari" nilidhani bibi wa watu anaitukana sukari. Kumbe mafi kwao ni hakuna. Sasa nyinyi mnataka kuyabeba yote kwa siku mbili, tena jicho moja liko kwenye simu.

Basi nimeamua kuyaandika, kwa sababu mkikaa hapa mnanimalizia chai na hamsikii. Nitaruka huku na huku kadiri ninavyokumbuka. Anayetaka mambo yaliyopangwa vizuri akawatazame wale wanaopika kwenye simu na aproni nyeupe isiyo na hata tone la mafuta. Sijawahi kumwamini mpishi mwenye aproni safi.

Tuanze na keki, maana keki ndiyo iliyoniaibisha kwanza.

Hii ni keki ya zabadi. Zabadi ni maziwa ya mgando, huuzwa kwenye vikopo vidogo vya plastiki. Ukishayamimina usitupe kikopo, ndicho kipimo chako. Zabadi kikopo kimoja, sukari vikopo viwili, unga vitatu, mafuta nusu kikopo, mayai matatu, beking pauda vijiko viwili vya chai, na iliki uliyoitwanga mwenyewe, si ile ya pakiti iliyokufa zamani. Piga mayai na sukari mpaka mkono ulalamike, tia zabadi na mafuta, kisha unga kidogo kidogo. Oveni iwe na moto wa wastani, dakika arobaini, na usifungue mlango kila mara kuchungulia. Keki haipendi kuchunguliwa, huona haya ikashuka.

Moja, mbili, tatu. Hata mtoto hawezi kukosea, na mimi nikakosea.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, kwa bibi mmoja mtu mzima tuliyemwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemzaa bosi mwenyewe, aliyekuwa akikaa Jeddah na mkewe. Mama Kabira alikuwa akipika kwa mdomo: yeye yuko kwenye kiti, mimi niko kwenye jiko. Siku hiyo alichungulia bakuli langu, akaona mchanganyiko umekuwa mzito, akasema, "Moya, Isha, moya!" Mwanaisha lilimshinda, akanikata nusu. Sasa, mimi nimezaliwa Lamu, na kwetu Lamu moja tunaiita moya. Nikafurahi kweli. Nikaona bibi huyu ni mtu wangu, anahesabu vilevile kama nyanya yangu. Nikaongeza unga kikopo kimoja. Akajipiga paja, "Moya! Moya!" Nikaongeza cha pili. Akasimama na mkongojo wake, "Ya Isha, moyaaa!" Hiyo moya ya mwisho nikaiona ni ndefu kuliko zilizotangulia, basi cha tatu nikakijaza mpaka kikamwagika.

Moya kwa Kiarabu cha kule ni maji. Keki ilipotoka Mama Kabira aliigonga kwa mkongojo, ikalia. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akanipenda. Wenzangu walipendwa kwa kazi nzuri, mimi nilipendwa kwa tofali.

Jambo jingine kuhusu keki, na hili hamtalipata kwenye simu. Hewa ya Riyadh ni kavu. Keki ukiiacha mezani wazi, kufika alasiri imekuwa biskuti. Kwa hiyo ikitoka tu kwenye oveni ifunike na kitambaa chenye unyevu, uiache ipoe nacho. Jeddah ni kinyume. Kule bahari iko karibu na hewa imelowa, ukiifunika keki ya moto inatoa jasho na juu inanata. Iache wazi, na krimu usiipake mpaka usikie viatu vya wageni mlangoni. Nimeona krimu ya Jeddah ikiteremka kutoka kwenye keki kidogo kidogo mbele ya wageni wanane, na madam akinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyeipa ruhusa.

Sasa nitawaambia nilivyofika Jeddah, kwa sababu ndiko kuliko na jambo lenyewe.

Kule nyumbani kwa bosi, mtaa wa Aziziya, kulikuwa na mpishi aitwaye Siti. Alikuwa amekaa miaka kumi na minane na kuku wake wa kuchoma alijulikana kwa ukoo mzima. Siti alitaka kurudi kwao moja kwa moja. Madam hakusema hapana. Alisema ndiyo, ila kwanza apatikane mtu wa kumchoma yule kuku vilevile. Mpaka hapo, pasipoti itakaa kabatini. Mama Kabira akaniita akaniambia, "Isha, nenda ukajifunze. Siku utakayojua, Siti ataenda kwao. Na mwonjaji ni mimi."

Jina la Siti lilinifurahisha mno. Miaka miwili sikuwa nimesikia Kiswahili ila cha simu, nikajua huyu si mwingine ila Mzanzibari. Njia nzima nilikuwa najipanga: nitamwamkia, nitamwuliza habari za Unguja, tutapika boko boko tulie pamoja. Mlango ukafunguliwa, nikainama nikasema, "Shikamoo, dada Siti."

"Aish?" akasema. Maana yake, unasema nini wewe?

Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Indonesia, kisiwa cha Java, ana kandambili za bluu na mwiko mkononi, na Kiswahili hakujui hata cha kuombea maji. Tukaelewana kwa Kiarabu cha jikoni, kile kisicho na sarufi wala aibu. Siku ya kwanza nikamwonyesha jokofu nikasema kwa bahati mbaya, "Kuku?" Akatazama kucha zake. Kwao kuku ni kucha. Nikamwuliza sasa ndege huyu kwenu anaitwaje? Ayam, akasema. Nami najua kwamba ayam kwa Waarabu ni siku. Na kuku wake huyo maarufu anaitwaje? Ayam bakar. Bakar kwao ni kuchoma. Mimi nikaona yote haya ya nini, nikamwita kuku wa Bakari, na mpaka leo hapa Kisauni watu wanadhani Bakari ni mtu niliyemwacha Saudia.

Nyumba nzima ilikuwa imelizoea neno lile. Madam akitaka kuku yule hakusema kuku wala kuchoma, alisema, "Siti, abgha bakar," nataka bakar. Likumbukeni hilo.

Mimi mtoto wa pwani, mishikaki nimeanza kuipepea kabla sijaanza kusoma, nilijiona sina la kufundishwa mbele ya makaa. Tukapanda darini, ambapo jiko lilikuwa katikati ya mitambo ya eyasi, ile ya kupoza hewa, inayodondosha maji, nikachukua kuku mbichi nikamtupa juu ya wavu. Nje akaungua, ndani akabaki mbichi kabisa. Siti akamchoma kwa uma, damu ikatoka, akajigonga kichwa na kidole. "Isha, mafi mukh." Huna akili. Hilo lilikuwa jina langu la pili kwa miezi mitatu.

Kuku wa Bakari hachomwi mbichi. Saga vitunguu maji, saumu, tangawizi, manjano na mbegu za dania. Kaanga hayo mpaka harufu ibadilike, ipoteze ule ukali wa ubichi. Tia kuku aliyekatwa vipande vinne, mchaichai uliopondwa kichwa, majani mawili ya mndimu, na maji ya kumfikia kiunoni tu. Mwache apikike taratibu mpaka maji yakauke na viungo vimshike. Hapo ameshaiva. Mlaze kwenye jokofu mpaka kesho yake. Kwenye makaa anapelekwa kutafuta rangi tu, na huko ndiko anakopakwa sosi ya soya tamu iliyochanganywa na ukwaju na pilipili. Paka, geuza, paka, geuza, mara tatu, na ukiona moto unaruka mwondoe, ile sukari ikiungua inakuwa chungu.

Brashi ya kupakia ni huohuo mchaichai. Ponda shina lake mpaka lichanike nyuzi, chovya, paka. Na kipepeo chetu kilikuwa mashine ya zamani ya madam ya kukaushia nywele. Siti aliielekeza kwenye makaa kama askari na bunduki. Siku moja madam mwenyewe alipanda darini, akaitazama, akagusa nywele zake, akashuka.

Soya tamu ilinunuliwa mtaa wa Sharafiya, kwenye maduka yanayouza vitu vya kwao Siti. Siku moja dereva alitumwa chupa nyeusi, akarudi na chupa nyeusi kweli, ila ni ya asali ya tende. Siti alitukana kwa lugha tatu. Wageni wako njiani, tukachanganya ile asali ya tende na soya ya kawaida yenye chumvi, tukapaka tukiomba Mungu. Ikatoka tamu kuliko ile ya kwanza, na hatukurudi nyuma tena. Hapa Mombasa mnaweza kufanya hivyohivyo. Dereva yule hakuwahi kushukuriwa, basi nimemshukuru hapa.

Mishikaki yao pia niwape, upesi. Wanaiita sate. Nyama ikatwe midogo, kidole gumba kinatosha, na kati ya nyama na nyama weka kipande cha mafuta. Vijiti vilale kwenye maji saa nzima visiungue. Viungo ni manjano, dania, mchaichai na sukari kidogo. Sosi yake ni karanga zilizokaangwa zikasagwa na saumu, pilipili na tui la nazi, halafu ukwaju. Koroga bila kuondoka, karanga zinashika chini ukigeuza shingo. Nilimwambia Siti kwamba mshikaki wa Mombasa hauhitaji kuvishwa koti la karanga. Akala wangu, akatafuna, akafikiri. "Kwayis," akasema, mzuri, akauchovya kwenye karanga.

Mnaona nilivyoanza kumpenda. Usiku tulilala chumba kimoja, na ndipo nilipojua kwa nini ana haraka. Alikuwa na binti mmoja, aliyemwacha na miaka minne akalelewa na nyanya yake. Binti ameposwa, na harusi ilikuwa baada ya Idi ya Mfungo. Kwao Java siku ya harusi mama humlisha binti yake tonge la mwisho kwa mkono wake, mbele ya watu, kisha binti anakuwa wa mumewe. Siti aliniambia, "Hajala kwa mkono wangu tangu ana miaka minne. Nataka hilo moja tu." Kila asubuhi alinifundisha kwa ukali kama anayefukuzwa.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho mtaa mzima unakijua, kile mnachoniomba nikisimulie kwenye harusi.

Mwezi wa Shaabani Mama Kabira alikuja kutoka Riyadh kuonja. Madam akaweka sheria: Siti asikanyage jikoni siku hiyo. Ijumaa asubuhi madam akatia kichwa mlangoni, akasema, "Yalla Isha, abgha bakar." Mimi, mtoto wa chuoni, mwalimu wa Kurani alinifundisha kwa bakora kwamba bakara ni ng'ombe. Nikatoa ng'ombe. Nikampaka manjano, nikampaka ukwaju, nikampeleka darini nikamchoma na mashine ya nywele. Mama Kabira akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Watu wakaanza saladi, yeye anatafuna. Watu wakamaliza saladi. Mwishowe akakitoa akakiweka pembeni ya sahani kwa heshima, akauliza, "Isha, ni nini hiki?"

"Bakar, Mama. Ng'ombe. Madam aliagiza."

Madam akaanza kucheka, bosi akafuata, Mama Kabira akacheka mpaka akalia ndani ya ushungi wake. Kisa kilizunguka Aziziya yote, nikawa maarufu, madam wa majirani walikuwa wakija kunitazama. Hata Siti alicheka. Na Mama Kabira akakata shauri akijifuta machozi: huyu bado. Siti akae mpaka wakati wa baridi, tutakapokwenda Riyadh wote, ndipo Mama aonje tena.

Mnapenda sana kisa hicho. Mimi nimekisimulia miaka mingi, na kila mara nimekiongezea chumvi. Leo nitawaambia kilichobaki.

Nilisikia vizuri.

Mtu wa Jeddah hasemi bakara akitaka ng'ombe, anasema bagar. Nilikuwa na miezi minane katika jiko lile, na neno hilo nililisikia kila siku ya nyama. Bakar lilikuwa kuku, mnalijua nyinyi mliokaa na karatasi hii robo saa, sembuse mimi. Na kuku wenyewe nilikuwa nimeshawapika Alhamisi, wawili, wamelala jokofuni na viungo vyao, wazuri, pengine wazuri kuliko wote niliowahi kupika. Niliwatia kwenye mfuko mweusi nikaufunga mafundo mawili nikautupa kwenye pipa, kisha nikatoa ng'ombe.

Niliogopa. Basi. Siti akiondoka, nyumba ya ghorofa tatu ni yangu peke yangu, na watoto watano, na madam ambaye siku zote hasira zake zilipitia kwa Siti kwanza zikanifikia zimepoa. Nani nitasema naye? Nani ataniita mafi mukh? Na niliona mbele zaidi. Nikijua kuku yule, pasipoti itakayokaa kabatini ni yangu. Niliona bora tubaki wawili kuliko mimi nibaki. Nilijiambia ni miezi michache tu, harusi zipo nyingi. Nilikuwa mwongo, na nilikuwa na furaha ile jioni tuliporudi chumbani na kitanda chake bado kina shuka.

Harusi ya bintiye ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa Shawwal. Madam alikuwa na wageni wa mchana, kwa hiyo Siti aliitazama kwenye simu, ameiegemeza kwenye mtungi wa sukari, mkono mmoja ukikoroga sosi ya karanga. Mimi nilikuwa nakata matango. Picha ilikuwa inakwama na kuachia. Likafika lile tonge. Nyanya ndiye aliyelishika, kwa kuwa mama hayupo. Binti akafungua kinywa, na Siti, pale mbele ya jiko, naye akafungua kinywa chake, vile afanyavyo mama akimlisha mtoto mchanga. Alibaki hivyo, mdomo wazi, picha imekwama. Karanga zikashika chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Siti akiunguza kitu.

Niliona haya mpaka nikaenda kujifungia chooni. Ningeweza kusema siku hiyo, na sikusema.

Kuanzia hapo nilijifunza kama mtu aliyekopa. Baridi ilipofika tukaenda Riyadh, na Mama Kabira akakodi nyumba ya bustani nje ya mji, mahali watu wanapokwenda kuota moto na kula. Baridi ya Riyadh haina masihara, nilivaa soksi mbili na koti la dereva. Mama Kabira safari hii alikuwa mjanja. Aliagiza Siti achome kuku wake na mimi wangu, majiko mawili, kisha sahani zote mbili zipelekwe kwake na kwa bosi, mtu asiseme ipi ni ya nani.

Nilipika kwa moyo wangu wote. Sijapika hivyo tena, hata kwenye harusi ya mwanangu. Mama Kabira akala ya kwanza mpaka mfupa. Akala ya pili mpaka mfupa. Akajipangusa vidole kimoja kimoja, akatukunjia uso.

"Mnanicheza shere," akasema. "Hizi zote mbili kapika Siti."

Bosi akaitikia kwa kichwa, hata yeye hakuona tofauti. Mama Kabira akanitazama, akamtazama Siti, akamwambia madam, "Halas," yaani yamekwisha. "Mpe pasipoti yake." Watu wakapiga makofi. Siti hakupiga, wala hakulia. Alikwenda kuosha wavu.

Siku ya safari, tukiwa tumerudi Jeddah, niliruhusiwa kwenda naye uwanja wa ndege nikamsukumie maboksi. Bosi alikwenda kuegesha gari. Tukabaki wawili kwenye foleni, saa nne za asubuhi, watu na mizigo kila upande, na nikajua nisipotema sasa nitalimeza milele.

"Siti," nikamwambia, "siku ile ya ng'ombe nilisikia vizuri. Nilijua ni kuku."

Alikuwa anakaza kamba ya boksi. Hakuiacha. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Taka za nyumba ile nani alikuwa anatoa? Mfuko una mafundo mawili, nikafungua. Kuku wawili, wamepikwa vizuri, mchaichai wangu uko ndani."

"Mbona hukumwambia madam?"

"Nikisema, madam anakurudisha Kenya. Halafu ataletwa mwingine, mafi mukh kuliko wewe, nianze upya. Nilikuhitaji ujue, Isha. Halas."

"Hata ulicheka."

"Walikuwa wananitazama. Nifanye nini?"

Nililia pale mbele za watu. Nilimwomba radhi kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, na kwa maneno sita ya kwao niliyoyajua, na manne kati yake ni viungo. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Ulikula harusi ya mwanangu. Sijakusamehe."

Akasukuma maboksi yake akaenda. Alipofika kwenye kile kizuizi ambacho wasindikizaji hawavuki, akageuka akarudi kwangu, haraka haraka. Nikafungua mikono.

"Ukwaju tia kwanza," akasema, akininyoshea kidole. "Uonje, ndipo utie chumvi. Wewe unaanza na chumvi kila mara. Mama Kabira ni mzee, hakuiona. Mimi niliiona."

Akaenda, na safari hii hakurudi.

Hiyo ndiyo sehemu ya mapishi ambayo sikuiandika pale juu. Ukwaju kwanza, onja, kisha chumvi. Na mkifika huko mkakuta mwanamke ambaye hatoki mpaka nyinyi mjue, wanangu, jueni upesi. Mimi pasipoti yangu ilikaa kweli kabatini, miaka zaidi ya niliyokuwa nimekusudia, na sikumlaumu mtu.

Siti ana wajukuu wawili sasa, hunitumia picha zao. Kila Idi namtumia salamu na kumwomba radhi. Salamu anaitikia.